USIJIBU MBELE YA KUSIKIA



Mwezi huu tunazungumza juu ya neno moja linaloleta fujo katika jamaa nyingi za waamini. Ni muziki wa vijana wetu.

Mama mumoja, muke wa shemasi, ametuandikia barua. Hatutaji jina lake wala muji wake. Kwa kifupi anasema hivi. Mutoto wake wa kiume yuko na miaka 17, na anapiga gitare katika korali ya vijana. Tangu miezi kidogo anasikiliza katika telefone yake kikundi kimoja cha Wamarekani kinachoitwa Stryper. Wanapiga gitare kwa nguvu na kupaza sauti mpaka mutu anafikiri mabati ya nyumba yataruka. Mutoto anasema: «Mama, hawa ni Wakristo, wanaimba Yesu.» Lakini baba aliona picha ya wanaume wenye nywele ndefu, akaona vilevile jina la albamu yao, na mutu akamwambia kwamba ndani ya jina lile muko neno Shetani. Basi baba akakamata gitare, akaifungia katika chumba chake. Wazee wa kanisa nao wanataka mutoto atoke katika korali. Sasa ni wiki tatu hajafika kwenye ibada, na jirani amemuona mara mbili kwenye kariere, pamoja na vijana wanaoshuka katika mashimo. Mama anauliza: «Muchungaji, muziki huu ni wa Mungu ao ni wa Shetani? Na sisi tufanye nini?»

Mama mupendwa, asante kwa barua yako. Ndani yake muko maulizo mawili. La kwanza ni juu ya muziki. La pili ni juu ya mutoto. Mara nyingi sisi watu wa kanisa tunajibu la kwanza kwa haraka sana, na la pili tunalisahau. Leo tutajibu yote mawili. Tuanze na muziki, kwa sababu kikundi hiki na albamu hii vilihukumiwa na watu wengi mbele yetu, na hukumu zao zinaweza kutufundisha.

STRYPER NI NANI?

Ni kikundi cha Orange County, katika jimbo la California, Marekani. Kilianzishwa na ndugu wawili wa tumbo moja, Michael Sweet, anayeimba na kupiga gitare, na Robert Sweet, anayepiga ngoma. Pamoja nao walikuwapo Oz Fox kwenye gitare na Tim Gaines kwenye gitare ya besi. Kwanza walikuwa na jina lingine, Roxx Regime. Walipoamua kumutumikia Bwana kwa muziki wao, walijiita Stryper. Jina hili walilitoa katika Isaya 53:5, pale nabii anafundisha kwamba tunapona kwa mapigo aliyopigwa Mutumishi wa Bwana. Katika Kiingereza neno moja linaweza kusema alama ya fimbo kwenye mwili, na tena musitari wa rangi kwenye nguo. Nao walivaa nguo za misitari ya njano na nyeusi, sawa nyuki.

Mwaka 1984 walitoa sahani yao ya kwanza, ndogo. Mwaka 1985 walitoa albamu yenye jina la askari walio chini ya amri. Halafu, tarehe 24 Oktoba 1986, wakatoa albamu ile baba aliyoogopa: To Hell with the Devil. Sisi tusiozoea Kiingereza tunasikia neno Shetani, na roho inaruka. Lakini maana yake ni hii: «Shetani aende zake kwa moto!» Kwa hiyo jina lile halimusifu Shetani hata kidogo, linamufukuza. Ndani muko nyimbo 11. Albamu hii iliuzwa zaidi ya milioni 1 katika Marekani, na ilikuwa ya kwanza ya metali ya Kikristo kufika pale. Wimbo wake mumoja wa pole, Honestly, ulifika namba 23 kati ya nyimbo za watu wote kule.

Na metali ni nini? Ni aina ya roki yenye gitare nzito sana. Wengi wanahesabu mwanzo wake katika muji wa Birmingham, Uingereza, kwa kikundi Black Sabbath, kilichotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1970. Birmingham ni muji wa viwanda vya chuma. Mupiga gitare wa kikundi kile, Tony Iommi, alifanya kazi kiwandani alipokuwa kijana. Alipokuwa na miaka 17, mashine ilimukata ncha za vidole viwili vya mukono. Akajitengenezea vifuniko vya plastiki vya kuvaa kwenye vidole, na baadaye akalegeza nyuzi za gitare kusudi zisimuumize. Sauti yake ikazidi kuwa nzito. Ninyi mulio na baba ao kaka aliyeacha kidole katika mashine ya kampuni, ninyi munaelewa vizuri kuliko watu wa miji mingine. Muziki huu haukutoka kuzimu. Ulitoka katika muji wa wafanya kazi.

Lakini tuseme kweli yote. Vikundi vingi vya metali vimechezea majina na picha za giza, vingine kwa kutafuta pesa, vingine kwa moyo mubaya kabisa. Kwa hiyo hofu ya baba shemasi si upumbavu. Muchungaji wa kondoo anayesikia sauti porini anapaswa kusimama. Lakini akiisha kusimama, aende kutazama ni nyama gani.

WATU WALISEMA NINI?

Albamu hii ilipotoka, wasikilizaji waligawanyika sawa watu wa Korinto juu ya nyama ya sanamu.

Wa kwanza walikuwa wahubiri. Aliyejulikana sana kati yao ni Jimmy Swaggart, muhubiri wa televisheni wa Louisiana. Stryper walikuwa na desturi ya kurushia watu Agano Jipya katika tamasha zao. Swaggart alisema hiyo ni kutupa lulu mbele ya nguruwe, kufuatana na Matayo 7:6. Sasa sikilizeni vizuri. Jamaa ya akina Sweet iliokoka mwaka 1975 kwa kutazama kipindi cha muhubiri huyohuyo kwenye televisheni! Yeye aliyepanda mbegu hakutambua mavuno yake, kwa sababu yalivaa njano na nyeusi. Tena yeye mwenyewe alikuwa mupiga piano hodari, na ndugu yake wa ukoo alikuwa Jerry Lee Lewis, mumoja wa wale walioanzisha roki katika Marekani. Katika jamaa moja vidole vya namna moja vilipiga piano kanisani na piano baani. Hatusemi neno hili kwa kumucheka muhubiri ambaye amekufa mwaka 2025. Tunalisema kwa sababu linaweza kutupata sisi sote.

Wa pili walikuwa wenye maduka ya vitabu vya Kikristo na wanunuzi wao. Ganda la kwanza la albamu lilikuwa na picha ya malaika wane wanaomutupa Shetani katika shimo la moto. Wengi wakalalamika. Hawakuona malaika, waliona Shetani tu. Baada ya muda mufupi picha ile iliondolewa, na pahali pake pakawekwa ganda jeusi lenye jina tu. Fikirini kidogo: picha ya ushindi iliondolewa kwa sababu ndani yake adui alionekana akishindwa.

Wa tatu walikuwa wapenda metali wasioamini. Hawa waliwacheka. Walisema watu wa Biblia wabaki kanisani kwao. Kwa hiyo Stryper walikuwa sawa mutu aliyesimama katikati ya barabara: kanisa lilisema wao ni wa dunia, dunia ikasema wao ni wa kanisa.

Wa ine walikuwa vijana wenyewe, na hawa mara nyingi hatuwaulizi. Kati yao walikuwapo waliozaliwa katika jamaa za waamini, wenye kupenda gitare nzito, walioambiwa: «Chagua, gitare ao Yesu.» Kwa hao albamu ile ilikuwa sawa mulango uliofunguka. Wengine hawakuwa na kanisa hata moja. Walienda kusikiliza kelele, wakarudi nyumbani na Agano Jipya mukononi. Wangapi walilisoma? Mungu anajua. Lakini ukipanda mbegu mia, huachi kupanda kwa sababu ndege watakula kumi.

HALAFU MWAKA 1990

Habari haikuishia pale. Stryper walichoka kuchekwa. Mwaka 1990 walitoa albamu nyingine, Against the Law. Waliacha nguo za njano na nyeusi. Jina la Yesu, ambalo mbele lilitangazwa wazi, sasa halikusikiwa. Walitaka watu wa inje wawakubali kama wanamuziki wa kweli. Je, wasikilizaji walisema nini? Wengine walisema: sasa wanapiga vizuri kuliko zamani. Lakini wengi wa wale waliowapenda walisikia uchungu sawa mutu aliyeachwa na rafiki. Albamu haikuuzwa sana kama zile za mbele. Mwaka 1992 Michael Sweet akatoka katika kikundi. Baadaye yeye mwenyewe ameeleza wazi kwamba katika miaka ile walianza kunywa pombe na kuishi tofauti na yale waliyoimba. Walirudiana mwaka 2003, na wakaanza tena kumutaja Bwana wazi. Mwaka 2018 walitoa albamu nyingine yenye jina kali la kumuomba Mungu alaani uovu, na maduka makubwa ya Walmart yalikataa kuiuza kwa sababu ya jina. Miaka 32 imepita, na watu wangali wanasoma ganda.

Munaona fundisho? Mwaka 1986 nguo zilitisha, lakini Jina lilikuwapo. Mwaka 1990 nguo za kutisha ziliondoka, lakini Jina nalo likafifia. Mutu anayepima kwa macho angesema mwaka 1990 walitengenea. Kumbe ndipo walianza kupotea.

NA SISI JE?

Musiseme: hayo ni maneno ya Wazungu. Hapa kwetu Katanga, mwaka 1952 Hugh Tracey alifika Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akakamata kwenye mashine sauti na gitare ya Mwenda wa Bayeke. Vidole vile vikajulikana mbali sana. Lakini ulizeni wazee wenu namna gitare ilivyohesabiwa katika makanisa mengi wakati ule. Ilikuwa kitu cha kambi na cha baa, kitu cha mulevi. Leo je? Siku ya Mungu bafle mbili zinasimama mbele ya mimbara, gitare inaanza sebene, na mama washemasi wanatoa kitambaa na kukizungusha juu. Sebene ilizaliwa katika Shule ya Siku ya Mungu? Hapana. Ilitoka kwa orkestra za dansi. Tumeitakasa kwa maneno na kwa moyo, na tunamusifu Mungu nayo. Basi mutu anayecheza sebene mbele ya Bwana asiseme kwamba muziki fulani ni mubaya kwa sababu ya pahali ulipozaliwa.

Vilevile kule Zürich, katika miaka ya 1520, wakati wa Zwingli, ogani za kanisa zilinyamazishwa. Na Zwingli mwenyewe alijua kupiga vyombo vingi. Leo mutu akiona ogani anasema: hiki ndicho chombo cha kanisa. Tangu 1878 Jeshi la Wokovu la Uingereza lilipiga tarumbeta barabarani, na watu wengi wa heshima wakakasirika. Kila kizazi kinalilia chombo kilichozoea, na kinaogopa chombo cha watoto wake. Soma Zaburi 150, uhesabu vyombo vinavyotajwa pale. Utaona kwamba matoazi ya kelele nayo yameitwa.

MAULIZO MATATU YA KUPIMA WIMBO

Paulo anatufundisha kujaribu yote na kushika lililo zuri (1 Watesalonika 5:21). Hakusema tupokee yote, wala tutupe yote. Kujaribu ni kazi. Namna gani? Nawapa maulizo matatu. Ni ya metali, na ya sebene vilevile, na hata ya nyimbo za korali yetu.

Ulizo la kwanza: maneno yanasema nini? Hapa vijana, nawashika mukono. Wengi wenu munaimba Kiingereza ambacho hamuelewi. Munasema: «Ni ya Kikristo», kwa sababu rafiki alisema. Soma 1 Wakorinto 14:15, pale Paulo anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia. Kwa hiyo fanya hivi. Umuombe mwalimu wa Kiingereza kwenye masomo akusaidie kuandika maneno ya wimbo katika Kiswahili kwenye kikaratasi. Halafu uyasome kwa sauti mbele ya baba na mama, bila muziki. Katika albamu ile, wimbo wa mwisho, More Than a Man, unamushuhudia Yesu kama aliye zaidi ya mwanadamu. Hapo hakuna shaka. Lakini Honestly haumutaji. Rafiki anaweza kuuimbia rafiki yake. Si zambi, lakini si tenzi ya kumuabudu Mungu. Lazima kujua tofauti.

Ulizo la pili: unazaa nini ndani yako? Muti unajulikana kwa matunda (Matayo 7:16). Daudi alipopiga kinubi, Saulo alipata pumziko (1 Samweli 16:23). Weye, ukiisha kusikiliza, unakuwa mutu gani? Unatoka inje na kumusalimia mama, unachota maji bila kutumwa mara tatu? Ao unafunga mulango, unajibu kwa hasira, unachukia kila mutu wa nyumbani? Kama wimbo unasema Yesu, lakini kila siku unakuacha na moyo wa vita na wazazi, wimbo ule haukufai, hata kama ni wa malaika.

Ulizo la tatu: unamujenga nani, na pahali gani? Soma 1 Wakorinto 8. Paulo alijua kwamba sanamu si kitu na nyama ni nyama tu. Lakini alikuwa tayari kuiacha kwa ajili ya ndugu muzaifu. Jirani yako alifanya kazi ya usiku katika muchanga na vumbi, amelala saa tatu za asubui, na weye unafungua bafle katika lupango: hapo hata Zaburi inakuwa zambi. Tena kitu kizuri cha kusikiliza chumbani si lazima kiwe kizuri kwa ibada ya Siku ya Mungu, pale bibi wa miaka 80 anataka kuimba pamoja na wote na hawezi kufuata. Upendo unapunguza sauti.

Miye mwenyewe, mukiniuliza, masikio yangu hayapendi kelele ile. Nilizoea nyimbo za sauti ine, na nitakufa nazo. Lakini masikio yangu si Neno la Mungu. Siwezi kusimama kwenye mimbara na kusema «Bwana asema», wakati ni masikio yangu yanayosema.

KWA BABA SHEMASI NA WAZEE

Baba mupendwa, nakuandikia kwa heshima. Umelinda nyumba yako, na ndiyo kazi yako. Lakini Mezali 18:13 inatuonya: mutu anayejibu mbele ya kusikia, anajipatia upumbavu na haya. Je, ulisikiliza wimbo mumoja mpaka mwisho? Ulimuuliza mutoto maneno yake? Gitare iliyofungiwa chumbani imemufundisha nini? Anaweza kufikiri kwamba katika nyumba ya baba hakuna pahali pa furaha yake, na kwamba Mungu wa baba anachukia mikono yake.

Na mikono ile sasa inashika nini? Inashika sururu na kamba. Ninyi wote munajua kariere. Shimo halimuulizi mutu kama yeye ni wa korali ao si wa korali. Mvua ikinyesha, udongo unalegea. Ni watoto wangapi wa jamaa zetu tulioenda kulia kwenye matanga yao bila kuona mwili? Munaogopa gitare ya umeme, lakini shimo la mita makumi mengi hamuliogopi? Waefeso 6:4 inawaambia baba wasiwachokoze watoto wao mpaka wakasirike. Neno lile ni la waamini, si la wapagani.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kwanza, umutafute mutoto mbele ya kutafuta jibu la muziki. Katika Luka 15 muchungaji hakumungoja kondoo kwenye zizi ili amupige. Alitoka, akatafuta mpaka akamuona, akamubeba mabegani. Enda weye mwenyewe, baba, usimutume mudogo wake. Usianze kwa maneno ya Stryper. Anza kwa kusema: «Mwanangu, turudi nyumbani, mama amepika.» Pili, keti naye, usikilize wimbo mumoja na kikaratasi cha maneno mukononi. Ukiona ubaya, muonyeshe ubaya ule kwa Neno. Ukiona uzuri, ukubali uzuri, hata kama kichwa kinauma. Tatu, mumurudishie gitare yake pamoja na sharti: saa za kupiga, saa za masomo, saa za kunyamaza.

Na ninyi wazee wa kanisa: kutoka katika korali ni azabu ya mutu aliyefanya zambi na kukataa kutubu. Mutoto huyu alifanya zambi gani? Kama jibu ni «alisikiliza kelele», muchunguze tena. Mbele ya kukata jina lake kwenye karatasi, wawili kati yenu wamutembelee. Paulo alijua watu waliomuhubiri Kristo kwa wivu, na wengine kwa nia njema. Akafurahi kwamba kwa kila njia Kristo anahubiriwa (Wafilipi 1:15-18). Yeye alikuwa katika minyororo, na alikuwa na moyo mupana. Sisi tuko inje, na moyo wetu uko mufinyu namna gani?

KWA KIJANA

Na weye, mwanangu, usifikiri nimekupa haki yote na baba sina neno lake. Watoto wawatii wazazi wao (Wakolosayi 3:20). Baba alikosa namna? Labda. Lakini kariere si jibu kwa baba. Ukishuka katika shimo kwa sababu ya hasira, haumuazibu yeye, unauza maisha yako kwa mfuko mumoja wa mawe. Rudi. Uombe kusikilizwa, halafu na weye usikilize.

Tena usitegemee neno «Kikristo» lililoandikwa kwenye ganda. Katika Amosi 5:23 Mungu alichoka na nyimbo za watu wake mwenyewe, nyimbo zilizokuwa safi kwa maneno, kwa sababu maisha yao hayakuwa ya haki. Na Stryper wenyewe waliona namna mutu anavyoweza kuimba leo na kuanguka kesho. Usimushike mwanamuziki sawa Mwokozi. Kama anasema kweli, umushukuru Mungu. Akianguka, umuombee. Weye fuata Yule ambaye alipigwa mapigo yale, kwa sababu Yeye hakubadilisha nguo wala Jina.

Kama unapenda gitare, jifunze vizuri. Korali inahitaji mikono yenye kujua. Siku moja na weye utakuwa muzee wa kanisa, na mutoto wako atakuletea muziki ambao hatujausikia bado. Siku ile utakumbuka namna ulivyotaka baba yako akutendee.

YA KUSOMA NA KUZUNGUMZA NYUMBANI

Jamaa iketi pamoja magaribi moja, isome 1 Wakorinto 8 na Luka 15:1-7. Halafu kila mutu ajibu, na wadogo waanze:

1. Ni wimbo gani ninaopenda ambao baba ao mama hajasikiliza bado? Maneno yake yanasema nini katika Kiswahili?

2. Ni muziki gani wazee wetu walikatazwa kanisani, na leo tunamusifu Mungu nao?

3. Je, sauti ya nyumba yetu inamusumbua jirani anayelala muchana?

4. Ni kijana gani wa kanisa letu hatujamuona wiki hizi? Nani kati yetu atamutembelea mbele ya Siku ya Mungu inayokuja?

Ulizo la ine musiliache kesho. Mungu awabariki, awalinde nyumbani na kazini, na awarudishe watoto wetu wote kutoka katika mashimo wakiwa wazima.

Muchungaji wenu.